Tarbia ya Sifuri

Ubeti ninaouhakiki una mishororo minne. Kila mshororo umekatwa vipande viwili, na kila kipande kina mizani nane:

00000000, 0019d668
9c085ae1, 65831e93
4ff763ae, 46a2a6c1
72b3f1b6, 0a8ce26f

Mtunzi anajulikana kwa jina la Satoshi Nakamoto, na hadi leo haijathibitishwa ni nani aliye nyuma ya jina hilo. Tarehe ya utungo ni 3 Januari 2009. Hii ni heshi ya bloku ya kwanza ya Bitcoin, yaani muhuri wa ukurasa wa kwanza wa daftari la fedha hiyo: alama 64 zinazoandikwa kwa tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Kompyuta huiandika kwa mfululizo mmoja usio na pumzi. Kuikata ni kazi yangu, kwa mazoea ya watu tuliokalishwa darasani kuhesabu mizani kwa vidole. Nilipoikata, ikakaa: mizani 16 kwa mishororo minne, tarbia kamili ya aina ambayo Kaluta Amri Abedi aliitolea kanuni katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954.

Ni sadfa. Kanuni inayozaa alama hizi, SHA-256, ilibuniwa na shirika la usalama la Marekani, NSA, na waliokaa kuibuni hawakuwa wakiwaza Ujiji wala Lamu. Lakini sadfa humpa mhakiki mahali pa kuweka kidole, na hapa Moshi sababu ya kukiweka ipo. Kuanzia mjini hadi Kibosho, Marangu na Rombo, vijana wanasikia kwamba mtu anaweza kununua mashine, akaichomeka ukutani, ikachimba fedha usiku yeye amelala. Au apakue programu ya pochi kwenye simu na aambiwe atunze maneno 12 kama roho yake. Mazungumzo yote huishia kwenye bei. Maandishi yenyewe, yaani heshi, maneno 12 na tokeni ya umeme inayolisha mashine, hakuna anayeyasoma kama tunavyosoma ubeti: fani inadai nini, inamwambia nani, na mizani moja ikianguka kunatokea nini. Nitasoma fani. Bei nitaigusa pale fani yenyewe itakaponisukuma huko.

Turudi kwenye ubeti. Ukwapi (kipande cha kwanza) wa mshororo wa kwanza ni sifuri nane, takriri isiyovunjika. Hilo ndilo lililokuwa sharti la siku ile: heshi ianze na sifuri nane, la sivyo bloku haikubaliki. Mtunzi ameujaza ukwapi sawasawa, kisha akavuka na kutia sifuri mbili zaidi ndani ya utao (kipande cha pili), ambazo hakuna aliyemwomba. Wasomi wa Bitcoin wamezigombania sifuri hizo mbili kwa miaka. Kila sifuri ya ziada hupatikana mara moja katika majaribio 16, kwa hiyo mbili ni mara moja katika 256. Je, alikesha akitafuta heshi nzuri kuliko iliyohitajika, au ilimwangukia? Kwa ushairi tuliouzoea, swali kama hilo lina njia ya kujibiwa: tungetazama beti nyingine, tungepima tabia ya mtunzi, tungesema hapa amekusudia na hapa amebahatisha. Hapa njia imefungwa. Sifuri ya makusudi na sifuri ya bahati zina sura moja.

Baada ya ukwapi wa kwanza, sheria imekwisha. Mloto, mleo na kituo, yaani mshororo wa pili, wa tatu na wa nne, havina sharti lolote. Alama yoyote inaweza kukaa popote. Vina viko mwanzoni na mwisho uko huru, kinyume kabisa na utaratibu wetu ambamo mwisho ndio unaobana. Sikio la Mswahili, likikosa kina, huanza kujitafutia chochote. Herufi a hadi f zina irabu mbili na konsonanti nne, na zinatosha kuandika baba, dada, beba, hata ada. Katika ubeti huu hakuna neno lililojitokeza, ila "ae" imeangukia mara mbili, katika ukwapi wa mloto na ukwapi wa mleo. Nilifurahi kuiona, kisha nikajirudi: furaha hiyo ni yangu, si ya maandishi.

Kinachostahili kusomwa kwa makini zaidi ni jinsi arudhi yenyewe inavyosogea. Kila baada ya bloku 2016, kiasi cha wiki mbili, mtandao hupima wachimbaji walitumia muda gani kupata heshi zinazokubalika. Wakiwa wamezipata upesi kuliko wastani wa dakika 10 kwa bloku, sharti hukazwa, wakichelewa, hulegezwa. Kufikia mwaka 2014 sifuri zilizodaiwa zilikuwa zimejaza mshororo wa kwanza wote, mizani 16. Mwaka 2024 zilikuwa zimefika 19, yaani mshororo mzima na mizani tatu za mloto. Hebu fikiria chama cha washairi ambacho kila anapoingia malenga mpya kanuni inaongezwa ukali kwa wote, wakongwe kwa wageni, na wakipungua inalegezwa. Wanamapokeo wetu hawakufika huko. Walipogombana na Euphrase Kezilahabi baada ya diwani yake ya Kichomi kutoka mwaka 1974, hoja ilikuwa kama utungo usio na vina na mizani unastahili kuitwa shairi. Hakuna aliyependekeza kwamba mizani ipande kila washairi wanapozidi.

Na mchimbaji si mshairi. Mshairi aliyepungukiwa na mizani hubadilisha neno, hugeuza sentensi, huazima lahaja ya Mvita au ya Pemba, mpaka mshororo utimie. Anarekebisha. Heshi hairekebishiki. Mashine huchukua kichwa cha bloku, baiti 80 zenye muhtasari wa miamala, saa, na heshi ya bloku iliyotangulia, hubadilisha namba moja ndogo ndani yake, hupitisha vyote katika SHA-256 mara mbili, hutazama matokeo. Sifuri hazitoshi? Hutupa, huanza upya, na jaribio lililotupwa halikufundishi chochote kuhusu lijalo. Kazi yake inafanana zaidi na ya mhariri anayekataa miswada bila kuisoma, anayetazama mshororo wa kwanza tu.

Kitu kimoja katika muundo huu kinafanana kwa haki na mapokeo yetu, na hapa sadfa haihusiki. Kila bloku hubeba heshi ya bloku iliyotangulia. Tunayo bahari inayofanya hivyo: pindu, ambayo wengine huiita mkufu, ambamo maneno ya mwisho ya ubeti mmoja hurudi kufungua ubeti unaofuata. Anayejua utungo wa namna hiyo kwa moyo anajua faida yake: ukiruka ubeti, unakwama, kwa sababu mlango wa ubeti ujao uko katika ule uliouruka. Bitcoin imeichukua pindu hiyo na kuifanya kuwa ulinzi. Ukibadilisha neno katika ubeti wa kumi, mlango wa kumi na moja unageuka, na wa kumi na mbili, mpaka wa leo. Hapa fani na maudhui kweli havitenganishwi, na wala haikuhitaji mwalimu wa kidato cha sita kulisema.

Sasa mashine. Bandiko lake ni maandishi pia, na ndilo linalosomwa vibaya kuliko yote. Chukua Antminer S19 Pro, mojawapo ya mashine zinazouzwa kama mitumba baada ya matoleo mapya kutoka. Jina lake hufuatwa na "110T": majaribio trilioni 110 kwa sekunde. Namba hiyo imeandikwa kubwa, na mnunuzi huisoma kama sifa. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna wati 3250. Namba hiyo ndogo ndiyo kituo cha ubeti.

Wati 3250 kwa saa 24 ni uniti 78. Kwa bei za mwaka 2024, mteja mdogo wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, yule wa kundi la D1, alipata uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, kiasi kilichopangwa kwa nyumba yenye taa, redio na pasi. Mashine hii inamaliza mgao huo wa mwezi mzima kabla ya siku moja kwisha. Kwa hiyo hesabu halisi ni ya kundi la T1, shilingi 292 kwa uniti, ambayo kwa VAT ya asilimia 18 na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) ilifika karibu shilingi 356. Mwezi wa siku 30 ni uniti 2340. Zidisha: zaidi ya shilingi 830,000.

Upande wa mapato unahitaji mstari mmoja zaidi. Malipo ya kila bloku yalianza na Bitcoin 50, yakakatwa nusu mara nne, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Tuseme nguvu ya mtandao wote ni majaribio trilioni milioni 600 kwa sekunde, kiwango kilichopitwa mwaka huohuo wa 2024. Mashine yako ni moja ya sehemu milioni tano na nusu za nguvu hiyo. Ukichimba peke yako, wastani wa kungoja bloku moja ni zaidi ya miaka 100. Ukijiunga na kundi la wachimbaji wanaogawana mapato, fungu lako ni takriban Bitcoin 0.0025 kwa mwezi. Ili kulipa umeme tu, bila bei ya mashine, forodha, wala feni itakayokufa, Bitcoin moja ingepaswa kuuzwa zaidi ya shilingi milioni 330. Mwaka 2024 haikufika huko siku hata moja, hata Desemba ilipopita dola 100,000.

Watu hunijibu kwamba mlimani kuna baridi, na mashine hupenda baridi. Ni kweli kwamba usiku wa Julai kule Machame ungepunguza kazi ya feni. Baridi haipunguzi wati za chipu. Na feni hizo hupiga kelele ya desibeli 75 hivi, mchana na usiku, katika vihamba ambamo nyumba ya mjomba iko hatua chache kutoka yako na migomba ndiyo ukuta. Jirani atakuja kabla ya bili.

Wanaochimba Afrika Mashariki kwa faida wameanza na umeme, wala hawakuanza na mashine. Katika Hifadhi ya Virunga, Kivu Kaskazini, uchimbaji ulianza mwaka 2020 huko Luviro, kando ya kituo cha umeme wa maji kilichokuwa na ziada ambayo vijiji havikuwa vimeunganishwa kuitumia. Kenya kuna Gridless, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2022, inayonunua umeme wa mitambo midogo ya maji vijijini usio na mnunuzi mwingine. Sisi wa Kaskazini tuko mwisho wa waya: Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa hii, kwa kuwa umeme unaosafirishwa kutoka mbali hupotea njiani. Mahali pa namna hiyo si pa kuchomeka wati 3250 kwa ajili ya kutupa miswada.

Kuna pia programu za simu zinazoiga utanzu huu. Pi Network, iliyoanza mwaka 2019, humtaka mtu abonyeze alama ya radi mara moja kila siku, na kitendo hicho huitwa kuchimba. Simu haitafuti heshi yenye sifuri, na itifaki yao ni ya aina nyingine kabisa. Kifani, ni takriri bila sharti: kiitikio kinarudi kila siku bila ubeti. Sishangai kwamba ilipendwa. Kiitikio ni rahisi kukariri.

Kabla ya kufika kwenye pochi lazima niitetee LUKU, tokeni ya umeme wa kulipia kabla, ambayo hakuna anayeihesabu kuwa maandishi. Tarakimu 20, makundi matano ya nne nne, zinafika kwa SMS ukishalipa. Watu huziingiza kwenye mita huku wakinung'unika, na hawajui wameshika utungo uliopangwa vizuri sana. Ndani ya tarakimu hizo 20 kuna kiasi cha umeme, kuna dakika ambayo tokeni ilitolewa, kuna namba ya kuhakiki, na vyote vimefumbwa kwa ufunguo wa mita moja tu duniani. Ipeleke kwa jirani wa Pasua, mita yake itaikataa. Iingize mara ya pili kwenye mita yako, itakataliwa pia. Kosea tarakimu moja, hakuna kitu. Ni fumbo lenye msomaji mmoja na usomaji mmoja.

Ina hata dosari ya kifani iliyotugusa sote. Dakika ndani ya tokeni zilihesabiwa kuanzia mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216 tu. Zilikwisha 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule tuliingiza tokeni za ziada za kubadilisha ufunguo kabla ya ile ya umeme, na wengine wakadhani ni wizi. Haikuwa wizi, mizani ilikuwa imejaa. Nakiri upendeleo wangu: naipenda LUKU kuliko heshi, kwa sababu inamjua inayesema naye. Na ikipotea, kuna mahali pa kwenda kuuliza.

Maneno 12 hayana mahali pa kwenda kuuliza. Ukifungua programu ya pochi mara ya kwanza, hukuonyesha orodha yenye namba 1 hadi 12, hukuamuru uandike, kisha hukupima kama umeandika. Pochi haina fedha ndani. Fedha iko kwenye daftari la mkufu, na maneno haya ndiyo yanayozaa ufunguo wa kuisogeza. Aliyenayo ni mwenye mali. Asiyenayo si mwenye mali, hata kama simu ni yake na jina ni lake. Stakabadhi ya kahawa ya chama cha msingi hufanya kinyume: ina jina la mkulima, kilo, daraja, tarehe, na karani aliyeipima anayeweza kuitwa shahidi. Tangu KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ianzishwe mwaka 1933, mlima huu umezoea maandishi yenye mashahidi. Maneno 12 yanakataa shahidi. Shahidi ndiye mwizi.

Fani yake imepangwa na watu wanaojua kazi. Kanuni inaitwa BIP-39, ya mwaka 2013. Maneno huchaguliwa na kompyuta kwa bahati nasibu kutoka orodha ya maneno 2048, na orodha hiyo imechujwa ili herufi nne za kwanza zitoshe kulitambua kila neno. Neno la mwisho linabanwa na yale 11 yaliyotangulia: kati ya maneno 2048, ni 128 tu yanayoweza kukaa pale. Hicho ni kituo kwa maana kamili ya ushairi, mshororo unaothibitisha kwamba ubeti ulikwenda sawa. Mtu akiokota maneno 12 ovyo, mara 15 katika 16 programu itamwambia utungo umevunjika. Idadi ya tungo zinazokubalika ni namba yenye tarakimu 39.

Kabla ya kanuni hiyo kulikuwa na Electrum, pochi iliyotengenezwa na Thomas Voegtlin mwaka 2011. Orodha yake ya kwanza ilikuwa na maneno 1626, na yalichotwa kutoka orodha ya maneno yanayotumika sana katika ushairi wa Kiingereza wa kisasa. Sijui mhakiki mwingine angefanya nini na habari hiyo. Mimi niliiweka kalamu chini. Tena mpangilio wake ulikuwa wa vifungu vinne, kila kifungu maneno matatu. Mtu aliyetaka msamiati ulio mwepesi kukumbukwa alikwenda kwa washairi, akachukua maneno yao, akaacha kila kitu kingine walichokifanya kwa ajili ya kumbukumbu.

Hapo ndipo ugomvi wangu na maneno 12 unapoanza. Ushairi wa Kiswahili ulishika vichwani mwa watu kwa karne nyingi kwa sababu vina huita vina, na mizani humzomea anayeruka neno. Maneno 12 yanadai kazi ileile ya kumbukumbu na kukunyima vyombo vyake. Hayana kina, hayana mizani, hayana kisa. Kwa hiyo watu huyapiga picha, au hujitumia wenyewe kwa WhatsApp, na picha hupanda kwenye hifadhi ya intaneti, na siku moja mtu mwingine anaifungua.

Dawa ya haraka inayomjia kila mwalimu wa fasihi ni kutunga mwenyewe: nitafute ubeti ninaoupenda, au methali, niufanye ufunguo. Dawa hiyo imeshajaribiwa na imeshaua. Siku za mwanzo za Bitcoin watu waligeuza sentensi walizozijua kuwa funguo: mistari ya vitabu, ya nyimbo, ya maandiko matakatifu. Wezi wakaandika programu zinazopitia vitabu na nyimbo zilezile, mamilioni ya misemo kwa muda mfupi, na kusubiri. Mwaka 2015 Ryan Castellucci aliionyesha hadharani programu ya namna hiyo katika mkutano wa DEF CON, Las Vegas. Sentensi kadiri ilivyokuwa nzuri na maarufu, ndivyo fedha yake ilivyoondoka upesi. Kina kinachokusaidia wewe kukumbuka humsaidia mwizi kukisia, kwa sababu baada ya ukwapi unaoishia na "-ani" naye anajua ukwapi ujao utafutwe wapi. Uzuri ni utabirifu, na utabirifu ndio mlango.

Je, hakuna njia? Naona moja, nayo ni ya kifani. Mshairi akichagua neno, ameacha alama. Kompyuta ikichagua kwa bahati nasibu, haiachi alama, hata kama kila neno katika orodha ni zuri. Basi uzuri uhamishwe kutoka kwenye uchaguzi uende kwenye orodha. Orodha za BIP-39 zipo za Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kichina kwa maandishi ya aina mbili, Kifaransa, Kiitaliano, Kicheki na Kireno. Kiswahili hakimo. Tungetengeneza yetu, ningeomba kila neno liwe na mizani nne. Maneno 12 ya mizani nne ni mizani 48, yaani mishororo mitatu ya mizani 16. Hiyo ni tathlitha:

Karatasi parachichi, bilauri mashariki,
Sufuria tarumbeta, jumatatu barabara,
Alizeti zumaridi, kitambaa mchungaji.

Haina maana, wala haitakiwi kuwa nayo. Lakini isome kwa sauti. Kila kipande kimekaa kwenye mizani nane, na anayesahau "bilauri" atasikia shimo la mizani nne mahali hasa lilipo. Vina kamili havipo, ila maneno yetu huishia na irabu, na irabu ni tano tu, hivyo mwangwi wa "i" na "a" unajiletea wenyewe bila mtu kuuchagua. Mwizi akijua kwamba kila neno lina mizani nne, hajapata kitu. Orodha bado ina maneno 2048 na bahati nasibu bado ni ileile.

Kazi si nyepesi, na ugumu wake uko katika ngeli. Sharti la herufi nne linatuuma kuliko linavyowauma Waingereza. Kitambaa kikiingia, kitanda, kitabu na kitasa vyote viko nje, hata bila sharti la mizani, kwa sababu vyote vinaanza na "kita". Mwanafunzi akiingia, mwanamke na mwangalizi wanarudishwa mlangoni kwa kosa la kuchelewa sekunde moja. Vitenzi vya kunyambuliwa ni balaa: andikia, andikisha na andikiwa ni neno moja machoni pa orodha. Orodha ya namna hii italazimika kuegemea kwenye majina ya vitu yenye mianzo mbalimbali, mengi ya mkopo, na itaonekana kama kabati la duka la mjini kuliko kama diwani. Sioni ubaya. Pochi nyingi bado hupokea maneno ya Kiingereza tu, kwa hiyo orodha isiyoungwa mkono na watengenezaji ingekuwa mtego kwa atakayeitumia. Ndiyo maana isianzie kwa mtu binafsi.

Kuhusu sheria sina mengi. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwa umma kwamba sarafu za kidijitali hazitambuliki nchini. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia aliitaka benki hiyohiyo ijiandae nazo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa uhamishaji wa mali za kidijitali. Msomaji wa maandishi ya serikali ayasome matatu hayo pamoja, kwa mfuatano huo.

Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) wana wataalamu wa leksikografia na wajuzi wa mizani wa kutosha kuitengeneza orodha hiyo ya maneno 2048, na nawaomba waifikirie kabla wengine hawajatutengenezea kwa mashine ya kutafsiri. Wewe wa Kibosho unayetaka kununua mashine, soma kwanza wati, ndipo usome "T". Na wewe mwenye pochi, andika maneno yako kwa kalamu kwenye karatasi mbili, ziweke nyumba mbili tofauti, futa pochi, irudishe kwa maneno hayo, na ikifunguka ndipo utie fedha. Tathlitha niliyoitunga hapo juu usiitumie kwa lolote: imeshachapishwa.